Habsa Apanga Foleni ya Visima Ndani ya Kompyuta

Saa moja asubuhi, Habsa Jillo anavua viatu mlangoni mwa ofisi yao mjini Isiolo na kusimama mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta. Visima kumi na vinne vinatuma habari kwa mpigo mmoja. Tarakimu zinabadilika moja baada ya nyingine, na kioo hakigandi.

"Ona, iko sawa!" anasema, akijipigia makofi. Ameona hivyo kila asubuhi kwa miezi minane na bado hajachoka.

Habsa, 29, hutengeneza programu katika shirika moja la maji. Programu yake huonyesha kiasi cha maji kilichobaki katika tangi la kila kisima, ili magari ya maji yatumwe kunakohitajika.

Kiangazi kilichopita kilikuwa aibu tupu. Wiki moja programu ilizimika mara kumi na moja. Siku moja iliganda ikionyesha tangi la Sericho limejaa, kumbe pampu imekufa. Gari la maji likaenda kijiji kingine, Gotu, na watu wa Sericho wakakaa siku mbili bila maji.

"Nililia kwa choo ya ofisi," anasema. "Mkubwa akaniambia, mpaka Ijumaa iwe imetengenea, ama turudi kuandika kwa daftari."

Alienda kwao Korbesa kichwa chini. Baba yake, Mzee Jillo Arero, ni aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha mifugo kisimani. Habsa akamweleza: ndani ya programu kila kisima kina mfanyakazi wake wa nyuma, kipande cha programu kisichoonekana, anayengoja habari. Ikifika tu, anakimbilia kioo na kuiandika mwenyewe. Wakigongana hapo, kioo kinaganda.

"Wote wanaingia kwa birika la kunyweshea mara moja?" mzee akashangaa. "Kwani huko kwa kompyuta yako, aba herega ni nani?"

Hakuwepo. Miaka minne ya chuo kikuu, na jibu lilikuwa nyumbani kwenye birika la ng'ombe!

Alhamisi aliandika upya. Sasa mfanyakazi wa nyuma hagusi kioo kamwe. Huacha ujumbe kwenye foleni na kurudi kazini, na msimamizi mmoja tu wa kioo huchukua ujumbe na kuuandika, kwa zamu.

Ijumaa, mbele ya mkubwa, visima vyote viliamriwa kutuma kwa pamoja. Kioo hakikuganda.

"Nilipiga vigelegele kama niko harusi!"

Mwaka huu anapanga kuongeza visima sita, cha Korbesa kikiwemo. Baba yake hupiga simu kila wiki akitaka Korbesa iwe ya kwanza.

"Nilimwambia, baba, ngoja uitwe," Habsa anasema, akicheka hadi machozi. "Akasema, 'Hiyo ni haki. Sasa aba herega ni wewe.'"