Mapasa Wawili, Nafasi Moja

Ile karatasi ya kutafuta watoto wenye vipaji ilifika shuleni kwetu Kolwezi ikiwa na muhuri wa kampuni moja ya mgodi. Kila shule ya msingi ipeleke watoto wawili wa mwaka wa tano wafanye mtihani. Mmoja tu kati ya shule zote, akifikisha pointi, atasoma bweni Lubumbashi mpaka amalize sekondari, na mzazi hatatoa chochote. Chini waliandika namna ya kumtambua: anauliza sana, anasoma haraka, anaongoza wenzake. Nilicheka peke yangu. Katika kalasi yangu ya watoto themanini, anayeuliza sana ni yule anayetaka kutoka nje.

Lakini mi nilikuwa na wangu tayari. Nilikuwa na mapasa kalasini, wasichana wawili wanaofanana mpaka sauti. Mwaka mzima pointi zao zilikuwa za katikati, karibu sawa, na mi sikujiuliza kitu. Kisha mdogo akashikwa na malaria, akakosa juma zima, na mkubwa akaja peke yake. Mungu wangu, lile juma! Nilikuwa sijamaliza kuandika hesabu ubaoni, yeye jibu analo. Nikampa kitabu cha mwaka wa sita, akakirudisha kesho yake na jibu moja tu lisilolingana na la kitabu. Nikahesabu mara tatu: aliyekosea ni kitabu. Mdogo alipopona, mkubwa naye akarudi katikati. Hapo ndipo nilipopaswa kuelewa. Sikuelewa. Nilidhani ni uvivu, nikamgombeza.

Kwa sisi tuliotoka kaskazini mwa Katanga, mapasa hawatenganishwi. Ukimnunulia mmoja nguo, unanunua mbili. Ukimpa mmoja na kumnyima mwingine, yule aliyenyimwa ataugua, anaweza hata kufa, na mi mwenyewe nimekulia katika imani hiyo. Siku moja nilimpiga mdogo fimbo moja ya mkononi kwa sababu ya kelele. Jioni mama yao akaja na mkubwa, akamnyoosha mkono mbele yangu.

"Madamu, unasahau moja," alisema, na hakuwa anatania.

Nilienda kwao kumwambia huyo mama kwamba mkubwa ana akili ambayo sijawahi kuifundisha. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Aksanti, madamu. Lakini mi nilizala babili siku moja. Baende bote, ao babakie bote."

Nikatafuta njia ya kumridhisha: watafanya mtihani wote wawili, kisha tutaona. Direkteri wetu, mkuu wa shule, akapandisha sauti. "Na wa kwanza wa kalasi unamuacha? Mutoto wa watu?" Nikamjibu kwamba wa kwanza wa kalasi anajua kukariri tu. Tuligombana siku mbili, nikashinda. Nilijiona mjanja kweli.

Karibu na siku ya mtihani, mkubwa alibaki kunisaidia kufuta ubao.

"Madamu, kama mumoja anapata pointi mingi?"

"Yeye njo ataenda."

"Na mwenzake?"

Nilikuwa na haraka, ufunguo mkononi. "Atabakia na mama yenu."

Alifuta ubao mpaka ukawa mweusi kabisa. Laiti ningeumeza ulimi wangu siku ile!

Watu wa mtihani walimweka kila mtoto chumba chake, na hao mapasa wakawaweka mbali zaidi, kwa sababu ya kufanana kwao. Maswali yalikuwa kumi. Makopi, zile karatasi zao za majibu, yaliporudi, direkteri akaniita, akayalaza mezani moja kando ya lingine. Tano na tano. Na si pointi tu, makosa yalikuwa yale yale. Saba mara nane, mdogo huandika hamsini na nne tangu nimjue. Mkubwa naye kaandika hamsini na nne. Pale mdogo alipogawanya badala ya kutoa, mkubwa naye kagawanya. Swali la saba wote wawili wameliacha wazi.

"Unaona?" direkteri alisema. "Batoto ba kawaida tu. Unanisumbua bure."

Nikamwambia: tata direkteri, angalia vizuri, huyu alikaa peke yake chumbani akajua kila kosa la mwenzake kabla halijafanywa. Mtoto wa kawaida anaweza hilo? Alicheka mpaka akafuta macho.

"Madamu, banatafuta batoto benye kupata, hapana benye kukosa."

Nafasi ikaenda kwa mtoto wa shule nyingine. Nililia chooni, na choo chetu si mahali pa kukaa.

Mama yao alifurahi. Pointi sawasawa! Aliniletea unga, akanishukuru kwa kuwa sikuwatenganisha watoto wake. Nikaupokea, ningefanya nini? Mwaka uliofuata baba yao alipata kazi Tenke, wakahama, na kabla ya Noeli nikasikia wote wawili wameacha shule, wanauza makaa kando ya reli. Karatasi za vipaji bado zinakuja. Ninazijaza, ninaandika majina, na siamini hata moja ninaloliandika. Nimechoka.

Kabla hawajahama nilimkuta mkubwa bombani, peke yake, anasubiri maji. Sikumgombeza. Nilimwuliza tu kama yale maswali yalikuwa magumu.

"Ile ya saba njo ilinisumbua, madamu. Ile habakutufundisha hata siku moja. Sikuyua yeye atakosea namna gani. Nilifikiri saana. Kisha nikasema, pale atakuwa amechoka, ataacha."

Akanitazama usoni. Hakuna mtu aliyekuwa amewaonyesha makopi.

"Aliacha?"

Nikamwambia ndiyo, aliacha. Basi akafurahi, mama wee, akafurahi kweli kweli, akaiacha ndoo yake pale pale chini ya bomba, akakimbia kumtafuta mdogo wake.