Boksi la Tende Kwenye Ukuta wa Gofu

Asubuhi ya Jumatatu iliyopita nilimrudishia mwenye nyumba wangu wa mtaa wa Tudor ufunguo wake, nikatoka na mkoba mmoja bila kujua naelekea wapi. Ndiyo tabia yangu tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la sita: nikitamani kujua kilichoko nyuma ya kona, sharti niende nikakione. Miguu ikanipeleka Mji wa Kale, kwenye kichochoro nilichozaliwa, ambacho sikuwa nimekikanyaga kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nilikuta kimya. Vijana kama kumi waliovaa glavu na kubeba magunia walikuwa wakiokota taka bila kusemezana. Walipofika kwenye gofu, ile nyumba iliyoporomoka paa tangu sijazaliwa, msichana mmoja aliinua kipande cha karatasi chenye herufi za Kiarabu. Hakukitia guniani. Alikikunja mara mbili, akakichomeka katika ufa wa ukuta.

Ufa ule naujua.

Nikamwamkia, nikamuuliza sababu. "Ndivyo tulivyokuta, ami," akasema. "Karatasi ya herufi ukiitupa, mguu wavimba."

Mliokulia mitaa ile mwakumbuka mambo yalivyokuwa. Mtaa ulikuwa ukiamka na harufu ya mahamri na mbaazi, na mama zetu walikuwa wameshafagia baraza kabla jua halijafika vichochoroni. Magharibi ikiadhiniwa, ufagio uliwekwa nyuma ya mlango na hakuna aliyethubutu kuugusa. Chuoni, maalimu alitufundisha kwamba karatasi yenye maneno ya Kurani haikanyagwi wala haitupwi jaani. Huokotwa ikawekwa mahali pa juu. Hakutuambia kwamba si kila herufi ya Kiarabu ni Kurani. Nasi kusoma kwenyewe tulikuwa bado tunakokoteza, basi tuliokoa kila kitu: karatasi za sabuni, pakiti za majani ya chai, hata kibiriti. Tulizibusu, tukazigusisha kwenye paji la uso, kisha tukazichomeka katika nyufa za gofu. Kaskazi ilipovuma, ukuta wote ulinong'ona. Tulipita pale mbio, kila mmoja ameziba sikio la upande wa gofu. Vijana wa leo masikio yao yamezibwa na muziki tangu asubuhi. Ukuta ungewapigia kelele wasisikie.

Siku moja nilipanda darini kwetu na boksi la tende ambazo mama aliziweka kwa ajili ya Ramadhani. Nilizila zote, boksi nikalitupa chini kichochoroni. Siku ya pili Swaleh, rafiki yangu wa nyumba ya pili, alikuja akichechemea. Jioni mguu ulikuwa umevimba kama papai. Akamwambia bibi yake kwamba amekanyaga boksi lenye herufi. Bibi akaliinamia, akalitazama kwa muda mrefu, na hakuligusa.

"Lipelekeni mahali pake," akasema. "Lisipotulia, mguu huu hautarudi."

Swaleh akalia kwamba atakatwa mguu. Nami niliyelitupa nikanyamaza.

Tulilichomeka kwenye ufa wa gofu. Asubuhi yake lilikuwa kizingitini kwa kina Swaleh, limelala kifudifudi. Tukalirudisha, tukalikandamiza kwa jiwe. Asubuhi likawa pale pale. Mara ya tatu hakuna mtoto aliyetaka kulishika, nikalishika mimi, na lilikuwa na ubaridi kama kitu kilichotolewa kisimani. Tukaamua kwamba latafuta wenzake. Tukaokota kila karatasi ya herufi, kutoka gofu mpaka pwani, siku baada ya siku, hata kuku wakakosa cha kuchakura. Wazee wakatusifu. Mguu ukaja kupasuka, ukapona, lakini Swaleh akabaki akichechemea, nami sikuweza kutembea nyuma yake. Mwaka ule ule niliacha shule, kisha nikauacha mtaa.

Yule msichana niliyemkuta gofuni Jumatatu ile, Rukia, kumbe alikuwa bintiye Swaleh; nilimtajia jina la rafiki yangu, naye akasema ni babake. Nilipomwambia sina pa kulala, aliniambia babake sasa analinda nyumba ya watu mtaa wa Kizingo, na uani mna chumba kitupu. Tukaenda kwa miguu. Njiani akanisimulia jinsi walivyoanza kuokota taka: alipasua samaki jikoni, akakuta tumboni kifuniko cha chupa, cha buluu, safi kama kimetoka dukani.

Tulipofika, sikungoja hata kukaribishwa kiti. "Swaleh, lile boksi nililitupa mimi."

Akacheka, meno machache kuliko niliyoyaacha. "Nalikuona, mwizi wa tende wewe. Wala sikulikanyaga. Nalikanyaga msumari kule jaani, tulikokatazwa kucheza. Ningelisema kweli, ningelichapwa juu ya maumivu ya mguu."

Nikahisi mzigo wa miaka ukinitoka, hata nikamcheka na mimi. Nikamwambia kumbe alistahili adhabu mara mbili, kwa uongo, na kwa kututisha kwa kulirudisha boksi kizingitini kila asubuhi.

Swaleh akaacha kucheka.

"Mimi? Kwa mguu upi?" akasema. "Nalidhani ni wewe."

Rukia alikuwa ameshika sinia la wali, akasahau kulitua. Baadaye akauliza kama awaambie wadogo zake ukweli. Babake akamuuliza, ukweli upi.

Chumba cha uani kina kitanda cha kamba, mtungi wa maji, na dirisha linalotazama ua ambako majani makavu yalikuwa yakiburuzika bila upepo wowote niliousikia. Swaleh akanikabidhi ufunguo, akasema nikae nitakavyo.

Nawacheka vijana hawa, maana kabla ya kuokota chupa moja huipiga picha mara tatu. Lakini sisi tuliusafisha mtaa kwa kuogopa herufi tusizoweza kuzisoma, na mguu ulipopona tulirudi kwenye gololi zetu. Rukia husoma kila kitu anachookota, jina la bidhaa na tarehe, na bado anaogopa, maana taka imeshafika tumboni mwa samaki. Hofu yake sioni itapona lini.

Nikautua mkoba kitandani, nikatoka kumuuliza kesho wanaanzia wapi.