Tangazo Langu Juu ya Baraza

Nimechoka kuulizwa kwa nini siku hizi nikienda kunywa kahawa napita uchochoro wa nyuma, basi leo nasimulia mwenyewe, mnicheke mara moja, yaishe.

Mnajua nilikatika kano ya goti kwenye mechi ya maveterani, niliporuka kupiga kichwa nikatua kwa mguu mmoja, na uwanja mzima ukasikia ule mlio kabla mimi sijasikia maumivu. Nikapasuliwa, nikafanya mazoezi kwa Bi Salma, mtaalamu wa tiba ya viungo, mpaka akanambia goti zima. Na zima kweli, alilivuta na kulisukuma nami siumwi. Lakini kila nikitaka kuutua ule mguu, haunisikii. Mimi ambaye sijawahi kutulia pahala (Tanga, Mombasa, Maskati, kote nimehangaika, na kote nikiota vichochoro vya Mji Mkongwe), nimerudi kwetu na siwezi kuteremka ngazi bila ya kushika ukuta. Bi Salma akasema kilichobaki ni hofu, na hofu nayo ina mazoezi yake: nipande ile baraza ya chini, ya mawe ya kukalia, iliyoshikana na ukuta nje ya nyumba yetu, niruke, na nikishikwa na woga nimpigie simu.

Baraza ile wanaichezea watoto (haifiki hata gotini). Nikaona aibu. Baada ya sala ya alasiri nikenda pale tunapokunywa kahawa, nikapanda baraza ya juu kuliko zote, kiburi tu, wenzangu waone nshapona. Kupanda hakukunipa tabu. Nilipotazama chini, mguu ukaganda. Jasho likanitoka, wacheza dhumna wakaanza kunikodolea macho, na badala ya kusema naogopa, nikasema, "Jamani, nna tangazo."

Na nyinyi mnajua, kwetu mtu akisimama mbele za watu na uso kama ule akasema ana tangazo, ni tangazo gani. Dhumna zikawekwa chini. Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Mmoja akasema "Inna lillahi" kabla sijaendelea, mwengine akauliza maziko saa ngapi, na Makame, golikipa wetu, aliyemwacha mama yake mgonjwa nyumbani, alishaanza kutafuta viatu vyake. Hapo nilitamani nizikwe mimi.

"Makame, kaa," nikasema. "Hajafa mtu."

"Sasa unatangaza nini?"

"Siwezi kushuka."

Walicheka mpaka muuza kahawa akakaa chini. Mmoja akauliza kama chakula cha usiku niletewe huko huko juu, mwengine akashauri nitandikiwe mkeka. Makame peke yake hakucheka. Alikuja akasimama karibu yangu, nami nikampigia Bi Salma, simu nikaiweka spika nikampa yeye aishike, maana mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika ukuta. Wote wakasikia.

Hakunambia nijikaze. Aliniuliza naona nini chini. Nikamwambia naona uwanja, nasikia ule mlio.

"Goti lako lilishatoka uwanjani zamani," akasema. "Wewe ndiye uliyebaki huko. Niambie kilichopo hapo mbele yako."

Nikataja. Birika. Kandambili za watu. Kofia ya Makame. Wallahi sijui nielezeje: kila nilichokitaja kikaja karibu, uwanja ukarudi nyuma, na ule mguu, nyama ile ile na mfupa ule ule, ukalegea kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Nimezunguka nchi za watu nikitafuta maajabu, kumbe moja limekaa gotini mwangu. Nikaruka. Nikatua. Hapakulia kitu. Vicheko vikazimika, na watu wazima wale wakabaki kulitazama goti langu kama wanaoutafuta mwezi wa Idi.

Tangu siku ile napita uchochoro wa nyuma, maana nikipita njia ya mbele kila baraza wananiuliza maziko saa ngapi. Na nimeapa: sitopanda tena pahala popote ili kuficha woga, na sitosema tena nna tangazo, hata nikiwa nalo (harusi ya binti yangu atatangaza mtu mwengine).

Makame alinisindikiza. Tulipokaribia kwetu akaniomba namba ya Bi Salma. Nikadhani ni kwa ajili ya mama yake.

"Bega," akasema, akitazama ukutani. "Daktari alisema limepona. Lakini mpira ukija kushoto, siruki. Miaka yote hii mnadhani siuoni."