Mablanketi Yalipopungua Uwanjani

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema hivyo. Naogopa barabara kuu wakati wa theluji, naogopa mbwa wa jirani, naogopa hata simu ikilia asubuhi mapema. Nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa katika hospitali moja upande wa Maplewood, huku Minnesota, na mtu akiona tunaoletewa baada ya ajali za magari, hataniuliza kwa nini nashikilia mlango kila mume wangu anapokata kona. Kwa hiyo siku aliporudi kutoka ghala analofanyia kazi kule Maple Grove, akicheka peke yake hadi jikoni, akasema mwenzake kazini amempa tiketi za mbio za magari, moyo ulinipiga hata kabla sijajua ni magari gani.

"Ni stock car, mama," akasema. "Si zile za kifahari. Ni gari kama hii yetu tu, wametoa viti na vioo, wakaweka engine ya nguvu. Zinazunguka uwanja, zina-bump-iana, yaani zinagongana."

"Kwa makusudi?"

"Saa zingine."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa ile miaka ya 2010, binti yetu akiwa bado mdogo wa kukubali kwenda popote tunapokwenda.

Lazima nieleze mapema jambo moja kuhusu mume wangu, la sivyo mtamwona kichaa. Alizaliwa upande wa Nakuru, karibu na barabara ya vumbi ambayo magari ya rali yalikuwa yakipita msimu wa Pasaka. Kwao rali haikutazamwa kwa kukaa. Watu walisimama kando ya njia wakiwa na miwa na redio, na gari likipinduka au kuzama kwenye matope, lilikuwa mali ya walio karibu. Walitoka mbio kutoka kila upande, wakamchomoa dereva, wakahesabu kwa sauti moja, wakaliinua likasimama kwa magurudumu yake, wakalisukuma, nalo likaondoka zake huku dereva akipunga mkono. Tangu tukiwa wachumba amenisimulia jinsi alivyoshika bampa ya moto mpaka viganja vikababuka. Mtu akisikia hadithi hiyo anaweza kudhani alishinda rali yeye mwenyewe.

Jioni ile ya kwanza jua lilikuwa bado juu tulipofika uwanjani. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mablanketi. Mashabiki huko huja mchana, wakatandika blanketi kwenye benchi kushika nafasi, kisha wakaenda zao kula na kupiga soga, na hakuna mtu anayethubutu kugusa blanketi la mwenzake. Jukwaa zima lilikuwa limefunikwa kwa mablanketi ya mistari, ya maua, ya timu za mpira, utadhani shule ya bweni imeanika matandiko. Sisi hatukuwa na blanketi. Yule mwenzake wa ghalani, Mzungu mnene mwenye ndevu nyeupe na sauti ya kukoroma, akakunja lake tukabanana naye. Kushoto kwangu alikaa bibi mmoja mwembamba aliyevaa kofia nyekundu. Alinitazama, akatazama binti yangu, akafungua mkoba. Nikajikaza. Kumbe anatafuta vizibo vya masikio, akatugawia kama peremende.

Tulikuwa watu weusi peke yetu pale, kwa kadiri nilivyoweza kuona, na nilitazama hadi mwisho wa jukwaa. Hilo nalo liliniogopesha, siwezi kusema uongo. Lakini magari yalipowashwa nilisahau rangi ya kila mtu. Sauti ile haiingii masikioni, inaingia kifuani. Harufu ya mpira ulioungua ilinikaba koo. Kila yalipopita mbele yetu yakiwa yamesongamana, nilifumba macho nikakemea kwa jina la Yesu, na kila nilipofumbua yalikuwa yamesharudi.

Kisha gari moja likagonga ukuta kwenye kona iliyokuwa karibu nasi, likapinduka, likalala kifudifudi magurudumu yakizunguka hewani.

Mume wangu aliondoka. Sisemi alisimama, aliondoka. Alikuwa amesharuka benchi mbili, macho kwenye lango dogo la uzio chini ya ngazi, pale mkono mnene wa mwenzake ulipomkamata mkanda wa suruali. Bibi wa kofia nyekundu akamdaka shati. Mtu mwingine wa benchi la mbele, ambaye hatukuwa tumesalimiana naye, akamkumbatia miguu.

"Kaa chini!" mwenye ndevu akafoka. "Unataka kufa?"

"There is a person in there!" mume wangu akapiga kelele kwamba mna mtu mle ndani, akasahau yuko wapi, akamalizia kwa Kiswahili: "Tumtoeni! Si tumtoe, jamani!"

Bibi yule, bado ameshika shati, akamwelekeza kwa kidole. Kwenye dirisha la dereva kulikuwa na wavu. Akatueleza kwamba dereva akiwa salama anauangusha wavu huo kwa mkono wake, na kwamba magari mengine hayawezi kusimama mara moja, kwa hiyo hakuna anayeingia uwanjani ila wenye kazi yao. Kazi ya shabiki ni kungoja wavu. Jukwaa zima lilikuwa limenyamaza likiutazama. Wavu ukaanguka, na watu wote wakapiga makofi kwa pamoja, nami nikalia kwa woga uliopitiliza.

Basi, toka siku hiyo tukawa watu wa benchi hilo. Nilinunua blanketi la kijani. Nilibeba chupa ya chai ya maziwa na mandazi, na mwenye ndevu akawa anauliza mandazi kabla ya kutuuliza hali. Na kila gari lilipopinduka, mume wangu aliinuka, na kila alipoinuka walimshika. Ikawa mzaha wa benchi. Akijikuna tu goti, watu wanamshika mkanda. Yeye mwenyewe alicheka, akiwaambia kwamba siku moja atawaponyoka awaonyeshe jinsi gari linavyoinuliwa. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilimjua. Miguu yake haikuwa ikifanya mzaha.

Msimu mmoja aliwashawishi hata watu wa kanisa letu. Wakaja kwa magari kadhaa wakiwa na sambusa na watoto, wakaimba kidogo, wakapiga picha. Baada ya saa moja mama mmoja akanigeukia.

"Sasa hawa wanaenda wapi?"

"Hawaendi popote. Wanazunguka tu."

"Wanazunguka mpaka saa ngapi?"

Wiki iliyofuata hakuja hata mmoja. Mume wangu alinuna siku nzima, akasema Wakenya wa Minnesota wamekuwa wazee kabla ya wakati.

Lakini si Wakenya tu walioacha. Sikumbuki mwaka gani niliona mbao za benchi katikati ya mablanketi kwa mara ya kwanza. Mwanzoni ni hapa na pale, kama meno yaliyong'oka. Msimu uliofuata safu nzima za juu zilikuwa wazi. Watu walikuwa na maelezo yao. Mwingine alisema madereva wakubwa waliokuwa wakionekana kwenye televisheni wamestaafu na hawa wapya hawajui hata kugombana. Mwingine alisema sheria zimebadilishwa mno. Bibi wa kofia nyekundu alisema wajukuu wake wanaona magari ni kitu cha kuitwa kwa simu kije kikuchukue, hawajawahi kufungua boneti. Binti yangu naye akafika umri wa kujifungia chumbani. Nilipomwambia ajiandae twende, alinijibu bila kuinua kichwa: "Mom, nobody goes to that anymore." Eti siku hizi hakuna anayekwenda huko. Nikamwambia baba yake anaenda. "Exactly," akasema, eti hiyo ndiyo hoja yake hasa.

Mwenye ndevu alistaafu ghalani, mgongo ukamkataa, akawa anatazama nyumbani, halafu nikasikia hata nyumbani hatazami. Yule wa benchi la mbele alihama. Bibi wa kofia nyekundu alituaga kwamba mwanawe anamhamishia Woodbury karibu naye, na kwamba ataletwa siku moja moja. Hakuletwa. Nilimwambia mume wangu, na sisi tuache basi. Nilimwambia nikiwa na sababu moja tu, nayo sikuitamka: sikupenda kuwa pale pasipo wale watu. Sikujua jinsi ya kusema kwamba naogopa benchi tupu.

"Tukiacha sisi nani atabaki?" akaniuliza. Alisema kama mtu anayezungumzia mgonjwa wa familia.

Kwa hiyo tulikuwa wawili jioni ile, karibu na mwisho wa muongo, blanketi letu la kijani peke yake kwenye safu nzima. Jukwaani kulikuwa na watu wachache, wengi wao jamaa za madereva, wamekaa mbali mbali. Hata wafanyakazi walikuwa wamepungua. Zamani pale kwenye lango dogo la uzio alisimama mtu mwenye fulana ya rangi ya chungwa. Sasa lango lilikuwa limefungwa kwa komeo tu, bila mtu. Niliona hilo tulipokuwa tukipanda ngazi. Nililiona, nikaogopa, nikajiambia ni woga wangu ule ule wa siku zote.

Nilikuwa namimina chai gari lilipopinduka. Nilisikia kishindo, na bila kuinua macho nikajua, kwa sababu benchi lilitikisika upande wake. Na hapa ndipo mwili wangu ulipofanya jambo ambalo mpaka leo linanipa jasho jembamba: ulingoja. Kwa miaka yote ile kilichofuata kilikuwa ni mkono wa mwenye ndevu, na sauti ya kukoroma ikisema kaa chini. Masikio yangu yaliingoja sauti hiyo. Niliposhtuka na kuinua kichwa, mume wangu alikuwa amesharuka ngazi za mwisho, na mkono wake uko kwenye komeo.

Nilitupa chupa. Nilipiga yowe nikimwita kwa jina lake la nyumbani, jina ambalo analitumia mama yake tu. Hakugeuka. Alipita langoni akaingia kwenye lami, mzee wa miaka hamsini na ushee mwenye kitambi, anakimbia kama kijana wa Nakuru, mikono mbele, tayari kushika bampa.

Taa za njano zilikuwa zimewaka na magari mengine yamepunguza mwendo. Yote isipokuwa moja, lililokuwa nyuma kabisa, ambalo lilitokeza kwenye moshi wa kona likiwa bado na kasi. Nililiona kabla yeye hajaliona. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi na sikuwa na sauti tena, na nikawaza kwa utulivu wa ajabu kwamba leo yeye ndiye ataletwa hospitalini kwetu Maplewood, na wenzangu watanizuia mlangoni. Dereva alikata usukani. Gari likapita upande, matairi yakilia, karibu naye kiasi kwamba shati lilipepea na kofia ikamtoka. Likajigonga ukutani taratibu, likasimama.

Mume wangu alibaki katikati ya lami, mikono yake bado iko mbele. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Nilimwona akitafuta wenzake. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akikimbia.

Wakaja wafanyakazi, wakapeperusha bendera nyekundu, kila kitu kikasimama. Wavu wa gari lililopinduka ulianguka wakati fulani, maana nilisikia makofi machache, makavu, lakini sikuutazama. Walimtoa mume wangu kwa kumshika mabega. Hawakumtukana. Mmoja wao, kijana mdogo, aliniambia nimpeleke nyumbani na asirudi tena. Dereva aliyepinduka alipita mbele yetu akiwa mzima, kofia ngumu mkononi, akamtazama mume wangu kwa uso mweupe wa hofu, kana kwamba mwenye ajali ni huyu.

Tulipofika garini alishindwa kuingiza ufunguo. Nikamnyang'anya, nikamwambia apite upande wa pili. Nilikuwa na hasira ya kumpasua kichwa. Nilikuwa na maneno yamejaa mdomoni, ya binti yetu, ya kanisa, ya mama yake, ya wanaume wanaojiona bado wana miaka ishirini. Nikamtazama nianze, nikaona naye ana jambo la kusema.

"Sema," nikamwambia.

"Nilijua watanishika," akasema.

 

Niliwasha gari. Niliendesha mimi, kwenye barabara kuu ile ninayoiogopa, malori yakinipita pande zote mbili, mkono mmoja kwenye usukani. Ule mwingine niliushindilia kwenye mkanda wa suruali yake, nikaukamata, na sikuuachia mpaka tulipofika mlangoni kwetu.