Waliotangulia na Ng'ombe

Nafundisha fasihi ya Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, na kila mwaka inafika wiki ninayoiita mwenyewe wiki ya safari. Ni wiki ya kuwaeleza wanafunzi kwamba mhusika akifunga mizigo katika hadithi, mwandishi hasimulii habari za barabara, anasimulia habari za uamuzi. Nachora njia panda ubaoni, mstari mmoja unaogawanyika kuwa miwili, kisha nauliza safari ni ishara ya nini. Darasa zima linajibu kwa sauti moja kwamba ni ishara ya uchaguzi katika maisha, nami nafuta ubao nikiwa nimeridhika, maana mtihani unataka hivyo. Nimefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa bila aibu yoyote. Sina subira na mwanafunzi anayeniletea mambo ya pembeni, na wanalijua hilo.

Baba alikuja kuishi nami Buhongwa baada ya mama kufariki. Watoto wangu wako shule ya bweni, mume sina, kwa hiyo tulikuwa wawili tu katika nyumba ya vyumba vitatu yenye geti la bati. Nilidhani nimemletea raha. Kwetu, huko ndani ya Magu, alikuwa akichota maji kwa baiskeli na kushinda na kuku. Kwangu kulikuwa na bomba uani na kiti kizuri barazani.

Wiki ya pili nilitoka bafuni asubuhi nikakuta jiko la mkaa nililokuwa nimeliwasha limelowa chapachapa. Birika la chai lilikuwa limetengwa chini, pembeni, kwa uangalifu kabisa. Siku iliyofuata nikavizia. Nikamwona baba ameinama na kopo mkononi, anayamwagia makaa maji taratibu, upande huu kisha upande ule. Alikuwa amevaa koti na kofia, fimbo kwapani, kifurushi cha nguo miguuni.

"Baba, hiyo ni chai yako," nilimwambia.

"Nazima moto," alisema. "Wenzangu wametangulia na ng'ombe. Mimi ndiye wa mwisho."

Kwetu watu wakihama na mifugo hawaondoki wote kwa pamoja. Wenye ng'ombe wanatangulia kwa miguu kabla jua halijachomoza, na mtu mmoja anabaki kufunga yaliyosalia. Huyo wa mwisho ndiye anayezima moto wa jikoni kwa mkono wake, na akishauzima haingii tena ndani, hata kama amesahau kitu. Anachukua fimbo anafuata kwato. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu utoto, maana niliwaona baba zangu wadogo wawili wakihama hivyo kwenda Rukwa na ng'ombe wa ukoo mzima, mwaka ule niliofaulu kwenda sekondari. Baba alibaki. Aliwaambia atawafuata, na hakuwafuata. Mimi niliambiwa ni kwa sababu pamba ilikuwa bado shambani, nikaamini.

Sasa alikuwa anawafuata kila asubuhi. Jirani yangu, fundi cherehani, alimrudisha mara tatu kutoka barabara ya Shinyanga, na kila mara nilimshukuru huku nikiona haya. Nikajaribu ujanja. Nikaacha mkaa, nikanunua jiko la gesi, nikijua hakuna moto wa kuzima. Siku mbili alikaa barazani na kifurushi chake mapajani akiwa hana raha, hajui aanzie wapi. Siku ya tatu akakusanya vijiti na magazeti yangu uani, akawasha moto wake mwenyewe ili apate wa kuzima, nusura aunguze kamba ya nguo. Nikarudi kwenye mkaa. Angalau mkaa ulikuwa na mahali pake.

Na akishauzima, haingii ndani. Hilo ndilo lililokuwa likinitoa jasho. Nikimzuia asiende, anakaa uani juani mpaka saa kumi, hataki kuvuka kizingiti, hataki chakula kilichopikwa kwenye nyumba ambayo kwake imeshahamwa. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikambembeleza tena. Mtu mzima na cheti changu cha ualimu, nilishindwa na kopo la maji.

Siku moja nikachoka. Nikamkalisha nikamwambia, kwa sauti ile ile ya darasani, kwamba wadogo zake wote wawili walishafariki na ng'ombe wale hawapo tena. Akalia. Akauliza wamezikwa wapi, na kwa nini hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameambiwa, na matanga ya wote wawili tulikaa naye pale pale Magu. Nikadhani basi, ameelewa. Kesho yake alikuwa na koti, kofia na fimbo. Nikamwambia tena, akalia tena, kilio kile kile cha mtu aliyepata habari mpya. Mara ya tatu, kabla sijafungua mdomo, nikaona mkono wake umeanza kutetemeka juu ya fimbo, nikanyamaza. Nilijichukia. Nilikuwa nimewaua wadogo zake mara mbili ndani ya wiki moja ili tu nimsahihishe.

Daktari alimpima, akaniuliza maswali mengi, mwisho akasema kwa upole kwamba dawa ya kurudisha kumbukumbu hana. "Mlinde asipotee," aliniambia. Nilitoka pale nimeshika karatasi isiyo na kitu cha kununua.

Nikampigia simu shangazi, dada yake baba, aliyeolewa Kisesa. Nilitaka aje anisaidie walau siku chache. Nilipomweleza habari za wenzake baba waliotangulia na ng'ombe, alinikatiza.

"Kwani wewe hujui kwa nini alibaki?"

"Pamba," nilisema.

"Pamba gani, mwanangu? Mwaka ule pamba yote iliungua na jua. Alibaki kwa ajili yako. Walimwambia mtoto wa kike ataolewa huko huko, akasema huko ni pori tupu, hakuna shule. Wakagombana vibaya sana. Waliondoka na ng'ombe wake pia, maana alisema atafuata. Mimi nilikuwepo."

Shangazi hakuweza kuja, miguu inamsumbua. Nilibaki nimekaa kitandani na simu mkononi. Nilikuwa nikimwona baba kama mzee aliyechanganyikiwa anayeharibu chai. Kumbe kila asubuhi alikuwa anairudia siku ile ile moja, anachukua fimbo, na safari hii anaamua kuondoka.

Wiki hiyo ilikuwa wiki ya safari shuleni. Nikachora njia panda yangu, nikauliza swali langu, wakanijibu wote. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, na yule aliyebaki nyumbani, yeye hakuchagua?" Nikamwambia hilo halijaulizwa, akae chini. Alikaa. Nikaendelea kuandika ubaoni mpaka kengele ikalia, na sikumbuki niliandika nini.

Ijumaa niliporudi kutoka kazini sikumkuta baba. Jirani naye hakumwona. Nilitembea mpaka viatu vikanichubua ngozi, nikiuliza madukani kama wamemwona mzee mwenye koti la kijivu. Kesho yake ndipo mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma Usagara alinipigia, kwa ile namba niliyomshonea baba ndani ya koti. Nilimkuta kwenye benchi la mama yule, pale barabara inapogawanyika, moja ikiendelea Shinyanga, nyingine ikishuka darajani kuelekea Geita.

"Jana alikaa hapo tangu mchana," mama yule aliniambia. "Anauliza kila anayepita ng'ombe wamepita barabara ipi. Wengine wanacheka. Mmoja kamwonyesha huku, mwingine kamwonyesha kule, basi mzee akabaki katikati. Nikamchukua kwangu akalala."

Miaka kumi na tisa nimelichora eneo hilo ubaoni, na sikuwahi kuchora mtu aliyekaa chini, miguu imevimba, hajui aende wapi. Nilijaribu kumvalisha viatu vyake pale pale mbele ya watu. Havikumwenea, nikavibeba mkononi.

Jumapili nilinunua kufuli. Muuzaji alinionyesha makufuli ya aina tatu, akasifia moja kwamba hata mwizi akija na tindo halifunguki. Nikalichukua hilo hilo. Njiani nilijiambia namlinda, kama daktari alivyosema, na hilo lilikuwa kweli, na bado nilitamani mtu aninyang'anye.

Jumatatu asubuhi baba alitoka na kifurushi chake akavuta geti, likagoma. Akavuta tena. Hakupiga kelele. Alilishika kufuli, akaligeuza, akaliachia. Nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yake, nimevaa nguo za kazini, mkoba begani, ufunguo mkononi. Akageuka akaniona.

Mimi na baba hatujawahi kuzungumza Kiswahili. Tangu nazaliwa ni Kisukuma, hata kwenye simu, hata mbele ya wageni. Asubuhi ile alivua kofia akaibana kifuani kwa mikono miwili, akainama kidogo, na kunisemesha kwa kile Kiswahili cha taratibu alichokuwa akikitunza kwa ajili ya watu wa serikali.

"Shikamoo, mama."

Nikasubiri labda atanitambua.

"Naomba unifungulie, mama. Wenzangu wameshafika mbali. Ila nina mtoto wa kike, namwacha hapa. Kafaulu mtihani, ana akili sana huyo mtoto. Nyie watu wa shule mtaniangalizia?"

Ningeweza kumwambia ni mimi. Ningeweza kumwambia huyo mtoto alisoma akamaliza, kwamba ndiye huyu anayemfungia geti. Nilitazama mikono yake juu ya kofia, nikaona haitetemeki, nikaogopa kusema lolote litakaloitetemesha.

"Marahaba," nilisema. "Tutamwangalia."

Akashukuru mara mbili, akavaa kofia yake, akaokota kifurushi, akasimama mbele ya geti akisubiri nifungue.