Kaka Yangu Asiyeungua

Harufu ya nyama inayoungua niliisikia mimi. Mwenye mkono hakuwa na habari.

Kaka yangu Nassibu alikuwa amechuchumaa mbele ya moto wa kuchomea korosho. Kiganja cha kulia kimelala juu ya bati lililoiva kwa moto, na yeye anacheka. Anamcheka kuku anayemkimbiza panzi.

Nilipiga ukunga mpaka jirani akadondosha mchi.

Mnaotaka kusema hii chai, wekeni vikombe kando kwanza. Mimi ni Esha, bibi mzima mwenye wajukuu, sina sababu ya kuwadanganya watu nisiowajua.

Ilikuwa kule kusini, bara ya Mchinga, mwaka 1975, kijiji kipya cha ujamaa. Nyie Operesheni Vijiji mmeisoma shuleni. Sisi tulipakiwa. Lori lilikuja asubuhi, jioni tukashushwa mahali ambapo hata maji hatukujua yako wapi. Vitanda, kuku, mitungi, na mama yangu amemshika Nassibu mkono asije akaruka.

Nassibu alikuwa mkubwa kwangu, kijana mwenye ndevu. Lakini akili yake ilibaki ya mtoto mdogo. Maneno aliyokuwa nayo yanahesabika: "Mama." "Eta," ndiye mimi. "Tamu." "Bado."

Siku hizi mnasema mtu mwenye ulemavu wa akili. Enzi zile walisema zezeta, tena mbele yake, na yeye anawatabasamia. Nilikuwa nachukia, na hasira ile ninayo mpaka leo.

Baba alikwishafariki. Nyumba ilikuwa ya watu watatu: mama, Nassibu na mimi.

Basi, baada ya ukunga wangu watu wakajaa uani. Akafika pia mzee Likwata, balozi wetu wa nyumba kumi. Alikiangalia kile kiganja kilichobabuka, akamwangalia Nassibu anayecheka.

Kisha akasema, "Huyu mahoka wamemshika. Moto haumpati."

Mahoka, kwa asiyejua, ni mizimu ya wazee wetu. Mwaka ule kila baya lilikuwa la mahoka. Mvua ikichelewa, mahoka. Mtoto akiharisha, mahoka. Tumeyaacha makaburi mahameni, walisema, na wenyewe wametufuata kudai.

Nikamtazama mama nione atasema nini.

Mama yangu alikuwa moto wa kuotea mbali. Aliyemtania mwanawe alijuta. Lakini siku ile hakufungua kinywa. Alichana kipande cha kaniki, akamfunga Nassibu mkono, akamwingiza ndani.

Ukimya ule ulinitisha kuliko mahoka.

Habari ikaenea. Watu wakaanza kuja kumtazama mtu asiyeungua. Wengine walimletea miwa. Mmoja, Mungu amsamehe, alimgusisha kaa la moto mguuni ili ahakikishe. Nassibu akasema, "Tamu," kwa sababu alikuwa na muwa mdomoni.

Halafu wakampa kazi.

Aliyewahi kuchoma korosho anajua shughuli yake. Ganda linatema mafuta, mafuta yanawaka, yakikurukia yanakubabua. Kwetu kila mtu mikono ilikuwa na mabaka na ngozi inayobambuka. Hakuna aliyeshangaa baka. Ukiwa na baka, wewe ni mbangua korosho, basi.

Mzee Likwata akasema kwenye mkutano, "Ujamaa ni kila mtu na kazi yake. Nassibu atatutolea korosho motoni."

Watu wakapiga makofi. Na kaka yangu alifurahi, jamani. Kwa mara ya kwanza watu wazima walimwita kwa jina lake. Asubuhi aliwahi yeye motoni kabla ya wote, anawasubiri.

Vidonda vikaongezeka. Kimoja hakijakauka, kingine kimefunguka. Kidole cha mwisho kikaanza kujikunja kama ukucha wa ndege, hakinyooki tena.

Nikamwambia mama, "Twende naye zahanati."

"Zahanati wanakwenda wanaojua kusema wanaumwa wapi."

"Nitamsemea mimi."

"Esha, nyamaza."

"Lakini mama..."

"Nimesema nyamaza!"

Hakuwahi kunikaripia namna ile.

Sasa, katika kijiji chetu kulikuwa na upimaji wa afya. Daktari alikuwa anakuja, watu wote wanaitwa nyumba kwa nyumba, wanapimwa ngozi, macho, wengu, minyoo. Kila upimaji ulipokuja, mama na Nassibu walibaki nyumbani. Mzee Likwata mwenyewe alishatoa ruhusa. "Mama Nassibu asisumbuliwe, ana mzigo wake. Nani atakaa na yule?"

Sote tuliona ni huruma.

Safari hii upimaji ulitanguliwa na uvumi. Eti serikali inakusanya mazezeta wote, inawapeleka mahali. Mahali gani, hakuna ajuaye. Msitucheke. Mwaka uliopita walipakia mpaka vinu vyetu, wangeshindwa kumpakia Nassibu?

Mama akaacha kula. Siku ya upimaji nilimwacha amekaa kizingitini, panga liko magotini, na Nassibu yuko nyuma yake anachezea makumbi ya nazi.

"Wakikuuliza," aliniambia, "sema tuko wawili."

Nilienda peke yangu. Nilikuwa naamini nikitaja jina la kaka yangu sitamwona tena. Na nikinyamaza, ule mkono utakwisha wote. Nikawa nasogea kwenye foleni naomba Mungu nisifikiwe.

Daktari mwenyewe aliitwa Nikodemo, mtu wa upande wa Mtama, mwembamba, asiye na mzaha. Alinipima macho, akanigusa wengu.

"Kwenu mko wangapi?"

Mdomo ukataka kusema wawili. Ukasema, "Watatu."

"Mbona namwona mmoja?"

Mzee Likwata akakohoa pembeni. "Daktari, yule hapimiki. Hajui kujibu."

"Mtoto mchanga anajua kujibu?"

"Hajui."

"Basi mimi nawapima kila siku." Akanigeukia. "Ana nini huyo ndugu yako?"

"Haungui," nikasema.

"Haungui nini?"

"Moto. Akishika moto anacheka. Kila mtu anajua."

Yule daktari aliinuka pale pale. Foleni aliiacha imesimama, mimi na mzee Likwata tukamfuata.

Mama alipotuona tunakuja aliinuka na panga lake.

"Hamumchukui! Lori mmeliacha wapi?"

"Shikamoo mama," daktari akasema, akasimama mbali kidogo. "Nimekuja na baiskeli. Kijana mwenyewe ni mkubwa kuliko baiskeli, nitampakia wapi?"

Mama akazidi kulikaza panga. Lakini Nassibu alishapita pembeni yake, anakwenda kuishika kofia ya mgeni. Kaka yangu alikuwa hana adui.

Daktari akataka kumpima ngozi. "Fumba macho. Nikikugusa, sema ndiyo." Nassibu akafumba, akafumbua, akacheka. Fumba. Fumbua. Ikawa mchezo, na kipimo hakuna.

Hapo nikapata wazo. Kaka yangu ukimtekenya alikuwa anacheka mpaka anadondosha udenda.

Nikaokota unyoya wa kuku, nikasimama nyuma yake asinione. Shingoni: kicheko. Mgongoni: kicheko, karibu aanguke. Tumboni: akanipigia kelele, "Eta!"

Nikashuka mkononi.

Kimya.

Nikapitisha unyoya kwenye kiganja, kwenye vidole, nikapanda mpaka kwenye kiwiko. Nassibu ametulia, macho yako kwa kuku uani, anasubiri kwa hamu.

"Eta," akaniuliza. "Bado?"

Nilikuwa namtekenya wakati ule ule anaouliza.

Unyoya ukaniponyoka. Tukamjaribu mguuni, mambo yakawa yale yale. Daktari akaminyaminya kiwiko cha Nassibu, akatafuta mshipa kwa kidole, akaupata umevimba kama kamba.

"Ni ukoma," akasema. "Mishipa ya fahamu imekufa ganzi. Moto unamuunguza kama unavyotuunguza sisi. Yeye hapati taarifa tu."

Mzee Likwata alirudi nyuma mpaka akagonga ua.

Mimi nililia. Nilifikiria asubuhi zote zile alizokuwa anakimbilia motoni. Tulimtia mkono kwenye moto kila siku na tukampigia makofi.

"Usilie," daktari akaniambia. "Dawa ipo." Kisha akauliza, "Huyu anatoka kwenda wapi? Ana marafiki? Analala kwa watu?"

"Hapana. Yuko na sisi siku zote."

"Ugonjwa huu mara nyingi unatoka kwa mtu mliyekaa naye karibu muda mrefu. Basi humu ndani kuna mwingine."

Nikajua ni mimi. Alinifumba macho na kitambaa, akaanza kunigusa. Mkono. Ndiyo. Mguu. Ndiyo. Shavu. Ndiyo. Nilikuwa nasikia kila kitu.

Halafu mguso ukakoma. Nikasubiri. Nikakivua kitambaa mwenyewe.

Daktari hakuwa ananitazama mimi.

"Usihangaike, baba," mama akasema. "Ni mimi."

Panga lilikuwa chini. Akavua ushungi wake, ambao hata tukiwa wenyewe ndani hakuuvua mchana. Masikio yalikuwa yamejaa vinundu. Akapandisha kanga begani, mabaka yakaonekana yamefuatana mpaka kwapani.

"Tangu lini, mama?" daktari akauliza.

"Tangu huyu Esha ananyonya."

Mama akasimulia huku amemshika Nassibu. Mama yake mzazi alichukuliwa enzi za Mwingereza, akapelekwa kambi ya wakoma. Waliambiwa atarudi akipona. "Nilimsubiri mpaka nikaolewa," akasema. "Nami nikichukuliwa, huyu angebaki na nani? Nani anamtaka huyu? Kwa hiyo kila upimaji nikasema nabaki naye. Wakanisamehe. Watu wote wakaona namficha Nassibu, kumbe Nassibu ndiye aliyenificha mimi."

"Na ile siku ya moto?" nikamuuliza. "Siku ile alipocheka?"

Hakunitazama.

"Nilijua, Esha. Pale pale nilijua. Waliposema mahoka, nikasema heri iwe mahoka."

Aisee, kuna maneno ukiyasikia hujui umkumbatie mtu au ukimbie.

Daktari akachuchumaa mbele yake. "Mama, siku hizi hatumchukui mtu. Ni vidonge. Utameza hapa hapa kwako, na kijana wako pembeni."

"Tangu lini vipo hivyo vidonge?"

"Miaka mingi. Kabla ya Uhuru vilikuwepo."

Mama alikaa chini kwenye mchanga. Akakinyanyua kile kiganja cha Nassibu, akajaribu kukinyoosha kile kidole, kinarudi, ananyoosha, kinarudi.

"Na hivi vidole, baba?"

"Ganzi ikishakaa hivi hairudi. Tungemwona mapema..." Hakumaliza.

Mama alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia hata msibani. Nassibu akawa anampangusa machozi kwa mkono ule ule usiosikia.

Mzee Likwata alirudi kesho yake. Sitamsema vibaya zaidi, maana alikuja peke yake na hakuomba maji ya kunawa baada ya kutushika mikono. Akazigawa zile nyumba kumi: kila jioni mtu wa nyumba moja anakuja kumkagua Nassibu mikono na miguu, kama kuna mwiba, kidonda, au malengelenge. Motoni akakatazwa asikanyage. Na siku ya upimaji, jirani mmoja anakaa naye kwenye foleni, na wa kwanza kuitwa ni Nassibu na mama.

Wengine mwanzoni waligoma kuja. Baadaye walikuja, wengi wao.

Mama alipona. Alizeeka, akafa na vidole vyake vyote. Nassibu naye alipona, lakini vidonda vya motoni vilimla vidole kidogo kidogo; alimtupia mama udongo kaburini kwa kiganja kisicho na kidole hata kimoja.

Ndugu yangu unayesoma, kama nyumbani kwenu yupo mtu asiyeweza kusema "naumwa", usingoje aseme. Mpeleke akapimwe, umtafutie njia yake ya kujibu. Akibadilika, usikimbilie kusema ndivyo alivyo, wala usimsingizie shetani.

Na yule anayemlea, anayebaki nyumbani kila siku kwa sababu yake, muulizeni na yeye alipimwa lini.