Kitambaa Juu ya Ubao wa Hatari

Chumba cha watabiri wa hali ya hewa kilinuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi iliyowekwa kando ya meza, na maji hayo yasipomwagwa asubuhi yalifanya utando wa kijani. Hakuna aliyekabidhiwa kazi ya kuyamwaga, kwa hiyo aliyamwaga Bi Mawingu.

Jina hilo walimpa majirani, si ofisi. Mtaani kwao hapakuwa na mwanamke aliyeanika nguo bila kwanza kumwita dirishani: "Bi Mawingu, nianike, au leo unataka kunichezea?" Naye alijibu kwa uangalifu uleule aliokuwa nao akisali, kwa sababu aliamini kwamba kumdanganya mtu kuhusu kesho yake ni dhambi, hata kama kesho yenyewe ni shuka na foronya tu.

Asubuhi hiyo alimwaga ndoo, akanawa mikono, akafungua ramani kwenye kompyuta, akatulia. Upepo wa kutoka bara ulikuwa umekufa. Kutoka baharini ilikuwa inaingia hewa nzito iliyojaa unyevu, na ingekaa juu ya mji kama mfuniko juu ya sufuria. Mchana ungekuwa mkali, lakini uliomtia hofu ni usiku. Joto lisingeshuka. Watu wangeamka wamechoka kuliko walivyolala. Laiti ingekuwa katikati ya msimu, miili ingekuwa imeshazoea. Lakini baridi ndiyo kwanza ilikuwa inaaga, mablanketi yalikuwa bado vitandani, na joto ambalo baadaye lingewatoa watu jasho tu, likija mapema namna hii huwaangusha. Nyuma ya joto hilo aliona mawingu ya radi yakijipanga kuja.

Akaandika tahadhari nyekundu, akaipeleka kwa Mkuu wa Kituo.

Mkuu alikuwa anajaribu kofia. Mezani kwake palikuwa na marundo ya fulana za uzinduzi, na sampuli ya keki iliyomegwa ubavuni. Kila mwaka kituo kile kilikuwa na shughuli ya kufungua msimu wa joto: mgeni rasmi, hotuba, picha. Zamani ilikuwa hafla ndogo tu ya kuwaridhisha wenye hoteli, waliokuwa wakilalamika kwamba matangazo ya joto yanawafukuzia wageni. Kidogo kidogo ikageuka kuwa sheria ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: kabla msimu haujafunguliwa, hakuna tahadhari ya joto. Mwaka huu walikuwa wamesimamisha ubao mkubwa wa hatari getini, wenye taa za kijani, njano na nyekundu, wakaufunika kwa kitambaa kinachometameta na kuufunga utepe, usubiri kufunuliwa Jumamosi.

"Nyekundu?" Mkuu aliuliza bila kuvua kofia. "Msimu haujafunguliwa."

"Joto halijapewa ratiba, Mkuu."

"Usinifanyie mzaha. Mgeni rasmi anakuja Jumamosi kufunua ubao, akute tumeshatangaza nyekundu wiki nzima? Atafunua nini?"

"Atafunua nyekundu."

Dada wa Habari, ambaye kazi yake ilikuwa kulainisha maneno ya watabiri kabla hayajakwenda redioni, alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mkuu akamgeukia.

"Wewe andika 'jua la kutosha.' Halafu ongeza kwamba wananchi wanashauriwa kunywa maji. Nani atanilaumu kwa kumwambia mtu anywe maji?"

Alipokuwa anasema hivyo, sukari nyeupe ya keki ilikuwa imemganda kwenye masharubu, na kila neno liliitikisa. Bi Mawingu aliitazama sukari ile, akachukua karatasi yake. Akarudi chumbani kwake, akaketi kando ya ndoo. Kwa mara ya kwanza aliiona harufu ya ndoo kuwa nafuu.

Nyumbani aliishi na mama yake, na mdogo wake wa kiume, na mke wa mdogo wake. Huyo mdogo alikuwa fundi wa kuezeka. Walimwita Paka kwa jinsi alivyotembea juu ya mapaa, na hata chakula aliweza kukila amekaa kwenye kenchi za paa miguu ikining'inia. Kesho yake alimkuta anafunga kamba za viatu.

"Mdogo wangu, leo usipande. Wala kesho."

"Dada, redio imesema jua la kutosha. Nimeisikia kwa masikio yangu. Sasa nimsikilize dada wa nyumbani au dada wa ofisini?"

"Wa nyumbani."

"Basi huyo wa nyumbani ampigie msimamizi wangu. Yule mtu hamshushi fundi bila tangazo la serikali. Ukishuka bila tangazo, siku hiyo umejipa likizo, na kesho umejiachisha kazi."

"Mwache, wifi," mkewe alisema kutoka jikoni. "Akiiva tutampakua."

Wote wakacheka, hata Mama. Bi Mawingu alimpigia msimamizi. Msimamizi alimsikiliza kwa adabu, akamwita "mama yangu," kisha akamuuliza tangazo lenyewe liko wapi. Bi Mawingu hakuwa nalo la kumwonyesha. Aliingia tena kwa Mkuu mchana ule, na Mkuu akamwambia wanangojea makapeti ya jukwaa, watazungumza baadaye.

Paka alirudi jioni akaoga, akalala bila kula, akaamka na macho mekundu, akaenda tena kazini. Baada ya chakula cha mchana wenzake walimwona amekaa juu ya mabati anachekacheka peke yake, anaulizia nyundo iliyokuwa mkononi mwake. Walimshusha kwa kamba. Bi Mawingu alipofika hospitalini, muuguzi alikuwa anammwagia maji kwa jagi. Ngozi yake ilikuwa kavu, haina hata tone la jasho, na ilikuwa ya moto kama bati lenyewe. Aliita "dada" mara moja. Hakusema tena. Jua lilizama yeye akiwa ameshaondoka.

Walimzika kesho yake asubuhi, Mungu amrehemu. Baada ya maziko watu walikusanyika uani, chini ya turubai kubwa la kukodi lililosimama kwa mabomba ya chuma. Joto lilikuwa lilelile, na redio ya jirani ilikuwa bado inaahidi jua la kutosha. Ndipo lilipoingia gari la Mkuu. Alishuka na shada la maua ya plastiki, ndani ya koti amevaa fulana ya uzinduzi, maandishi yake ya rangi ya chungwa yakichungulia kifuani. Akaomba kipaza sauti.

"Ndugu waombolezaji," alisema, "sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi. Yote ni mipango yake. Nani awezaye kujua saa wala siku ambayo jua litamwita mtu?"

Bi Mawingu alikuwa ameshasikia maneno hayo kwenye misiba mingi, na yalikuwa yamemfariji. Sasa yalitoka kwenye mdomo ule, na aliona kama mtu amechukua kitambaa safi cha ibada akafutia viatu. Mungu alikuwa ameonyesha mapema. Alikuwa ameonyesha kwenye ramani, wazi kabisa, kwa yeyote mwenye macho. Aliyeficha alikuwa amesimama pale na shada la plastiki.

Aliinamisha kichwa ili asimtazame, na hapo akaona kivuli cha turubai kimefifia. Akatoka pembeni akaangalia juu. Upande wa bara wingu lilikuwa limepanda hadi juu kabisa, kilele chake kimetandaa bapa, na tumbo lake lilikuwa la rangi ya jeraha la zamani. Upepo mdogo wa baridi ulimpitia vifundoni. Alijua maana ya baridi ile. Alitazama simu yake: mwenzake wa zamu alikuwa ameandika kwenye kundi la ofisi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, *Mkuu naomba kibali, dhoruba inaingia mjini.* Akamtazama Mkuu. Mfukoni mwa koti lake simu ilikuwa inatetemeka, naye aliigandamiza kwa kiganja huku akiendelea kumsifu marehemu ambaye hakuwahi kumwona.

Bi Mawingu akaenda mbele, akashika kipaza sauti.

"Samahanini. Tokeni chini ya turubai. Ingieni kwenye madarasa ya shule hapo ng'ambo, sasa hivi. Msikimbilie ukutani wala chini ya miti."

Watu wakatazamana. Jua lilikuwa bado linawaka upande mmoja. "Masikini," mama mmoja alinong'ona, "uchungu umempanda kichwani."

Mkuu akamsogelea sikioni. Alinuka manukato na keki. "Usinitie aibu mbele za watu. Hakuna tahadhari iliyoidhinishwa."

"Iko mfukoni mwako inatetemeka."

Hakuna aliyeinuka. Mtaa mzima alikuwa ameushauri juu ya shuka na foronya, na sasa ulikuwa unamhurumia. Kisha Mama, aliyekuwa kwenye mkeka tangu jana bila kusema neno, akajishika goti, akasimama.

"Huyu mtoto," alisema, "hajawahi kuniloweshea nguo hata siku moja. Twendeni."

Wifi akamshika mkono, na wanawake wakawafuata. Wanaume wakaona haya kubaki. Walikuwa wanaingia madarasani wakijibanza kwenye madawati ya watoto upepo ulipofika. Turubai lilijaa, likang'oka zima na mabomba yake, likabiringika juu ya viti vitupu. Bomba moja liliingia kwenye kioo cha gari la Mkuu. Radi ilipiga nguzo ya umeme karibu kiasi kwamba watu walisikia harufu yake. Mkuu alifika wa mwisho, ameloa chepechepe, rangi ya chungwa ya fulana ikimchuruzika hadi kwenye mkanda. Akageukia ukuta, akatoa simu, akabonyeza.

Dakika chache baadaye simu zikaanza kulia darasa zima, ujumbe wa kituo umeingia. Wifi, mjane wa tangu jana, akausoma wa kwake kwa sauti kavu.

"'Manyunyu mepesi yatapunguza joto jioni hii. Wananchi wafurahie.'"

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alitema mate dirishani.

Mkuu akamvuta Bi Mawingu pembeni. "Wakikuuliza, sema mimi ndiye niliyekutuma kuwatangazia. Kwa sura ya ofisi tu."

"Umeshamtwika Mungu kazi yako leo," alimjibu. "Mimi usinitwike."

Dhoruba ilipita, na hewa nzito ikarudi kama vile haikuwa imekwenda popote. Ramani za Jumamosi zilikuwa zilezile. Bi Mawingu alifika ofisini kabla ya wapiga tarumbeta wa uzinduzi. Akakata utepe kwa mkasi wa kukatia karatasi, akavuta kitambaa, akawasha taa nyekundu. Kisha akapanda juu, akakaa kwenye kiti cha zamu, akaandika kwa maneno ambayo hayakupita kwa mtu wa kuyalainisha: *Joto hili linaua. Msifanye kazi juani. Mafundi washuke mapaani.* Akaweka jina lake chini, akatuma bila kibali.

Alikuwa anajua barua ya kujieleza ingemfuata. Alisikia magari yakiingia, kisha miguu ya Mkuu ngazini, mbio.

"Kitambaa kiko wapi?"

"Chini ya ndoo. Sakafu ilikuwa inaloa."

Mkuu aligeuka, akashuka kwa mgeni rasmi. Bi Mawingu akaenda dirishani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na jengo linaloezekwa. Msimamizi alikuwa amesimama chini, shingo imegeukia kwenye ubao, uso umekunjwa, simu mkononi. Akapiga filimbi. Mmoja mmoja wanaume wakaanza kushuka ngazi, wanajikung'uta magoti, wanataniana. Aliwatazama wote hadi wa mwisho akakanyaga chini.

Hakuona raha. Akamwombea mdogo wake, kwa sauti ya chini, kisha akanyanyua ndoo kwenda kuimwaga.